Mtoto wa Kwenye Bango

SEHEMU YA KWANZA

Gari la matangazo liliingia Nzega saa nne asubuhi likitokea barabara ya Igunga, spika nne juu ya paa, muziki ukitikisa mabati ya vibanda vya stendi. Bwana aliyeketi mbele aliteremka kabla dereva hajaliegesha sawasawa. Akawapita wauza karanga, akawapita wapiga debe wa mabasi ya Tabora na Shinyanga, akaenda moja kwa moja hadi chini ya ngazi ambako Fundi alikuwa anamalizia bango la saluni.

"Dada, shuka. Nimekuletea kazi."

Fundi akashuka. Mji mzima unamwita hivyo, hata mama yake mzazi siku hizi. Ni binti wa miaka 24, na mabango mengi kuanzia stendi hadi sokoni yametoka mkononi mwake: vinyozi, mama lishe, maduka ya dawa za mifugo, ng'ombe wa duka la nyama mwenye macho ya huzuni ambaye watoto wa shule humsalimia wakipita.

Bwana akakunjua turubai jipya, mita nne kwa tatu, akalitandaza vumbini.

"Nataka chatu. Aanzie kona hii, aishie kona ile. Katikati ya mikunjo alale mtoto, anacheka. Juu uandike kwa rangi nyekundu: MTOTO ALIYENYONYESHWA NA CHATU. Chini: Ametoka msitu usioingilika. Njoo ujionee kwa macho yako."

"Kaka, chatu anataga mayai. Hanyonyeshi."

"Unaona? Hata wewe umeshaanza kubisha. Anayebisha ndiye anayelipa kiingilio."

Akatoa nusu ya malipo palepale, noti mpya. Akaeleza safari yake: minada ya Nzega yote, kuanzia upande wa Bukene, kisha Igunga, halafu Tabora mjini. Hema liko tayari, chatu wanakuja. Turubai litatundikwa mbele ya hema, na gari litatangulia siku mbili kabla kupiga mbiu kila kijiji.

Fundi alihesabu zile noti. Kodi ya chumba ilikuwa imechelewa, na rangi nyekundu ilikuwa imekwisha. Akasema ataanza leo.

"Nipe basi picha ya mtoto, nimtoe sura yake."

"Mtilie sura yoyote. Miaka sita, saba hivi. Macho makubwa."

"Sura yoyote? Watu wakiingia ndani wakakuta si yeye?"

"Atakuwa yeye."

"Kwani mtoto mwenyewe yuko wapi?"

Bwana alikuwa ameshageuka kulirudia gari. Akajibu bila kumtazama.

"Bado hatujampata."

SEHEMU YA PILI

Siku mbili Fundi alichora chatu. Alimchora vizuri, kwa sababu hajui kuchora vibaya: magamba, mgongo wa kahawia wenye mabaka, ulimi. Herufi zikakaa juu, nyekundu, kubwa kuliko kichwa cha mtu. Lakini katikati ya mikunjo aliacha mahali patupu. Kila alipoinua brashi, lile neno la Bwana lilimrudia. Jioni ya siku ya pili alilipiga turubai picha kwa simu, akalikunja, akalifungia kibandani, akaenda kwa Mwalimu.

Mwalimu amestaafu. Amefundisha historia miaka mingi huko Tabora, na sasa anaishi nje kidogo ya mji wa Nzega na mbuzi wake na makaratasi yake. Alimkuta chini ya mwembe anapukuchua mahindi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Mbona uso umekunjamana hivyo?"

Fundi akampa simu. Mwalimu akaitazama ile picha, akaikuza kwa vidole viwili, akakaa kimya akipasoma pale mahali patupu. Kisha akainuka, akaingia ndani, akatoka na bahasha ya kaki. Ndani yake mlikuwa na nakala ya picha ya zamani: Mzungu amesimama na mavazi ya safari, na nyuma yake mvulana mweusi ameshika bunduki.

"Unamjua huyu?"

"Mzungu ni Stanley. Tulimsoma shuleni. Mtoto simjui."

"Hawamjui wengi. Na hadithi yake imeanzia hapa kwetu, Unyanyembe, upande wa Tabora. Keti."

Mwaka 1871, Mwalimu alisimulia, Henry Morton Stanley alikuwa amekwama Tabora. Alitumwa na gazeti la New York Herald kumtafuta Livingstone, lakini mtemi Mirambo alikuwa vitani na Waarabu, na njia ya kwenda Ujiji ilikuwa imefungwa. Stanley akakaa kwenye tembe la Kwihara, lile ambalo watu wanakwenda kulitazama mpaka leo. Siku moja mfanyabiashara Mwarabu akampa zawadi: mtoto mtumwa, mvulana mdogo. Jina lake lilikuwa Ndugu Mhali. Stanley hakulipenda. Akawauliza watu wake wampe jina jingine. Mmoja akataka aitwe Simba, mwingine Ng'ombe, mwingine Mirambo. Ulimengo, mmoja wa askari wa msafara, akayatazama macho yale maangavu na wepesi ule wa kutembea, akasema: Kalulu. Wakaleta beseni kubwa la maji. Selim, mkalimani, akamshika mtoto juu ya maji, jina likatangazwa.

"Stanley ameyaandika haya mwenyewe kitabuni," Mwalimu alisema. "Nimeyasoma mara nyingi. Kila mtu mle ana la kusema kuhusu jina la mtoto. Mtoto mwenyewe hasemi kitu."

Agosti 1872, baada ya kumpata Livingstone, Stanley alifika London pamoja na Kalulu. Watu wengi Uingereza walikuwa hawaamini kwamba amemwona Livingstone. Walimwita mwongo magazetini. Alihitaji ushahidi, na ushahidi uliotembea kwa miguu yake miwili ulikuwa Kalulu. Wakapelekwa studio ya London Stereoscopic Company. Nyuma yao pazia lililochorwa, mbele yao kamera. Mzungu akavaa mavazi ya safari akiwa katikati ya jiji la London, mtoto akapewa bunduki. Picha zikachapwa kwenye kadi ndogo, zikauzwa, watu wakazibandika kwenye albamu zao za sebuleni. Jumba la Madame Tussaud likatengeneza sanamu zao za nta. Mwaka uliofuata, 1873, Stanley akatoa riwaya ya vijana yenye jina la Kalulu, na ndani ya riwaya hiyo Kalulu si mtumwa wa kupewa zawadi: ni mwana wa mfalme.

"Kwa nini mwana wa mfalme, Mwalimu?"

"Mtumwa aliyepewa mtu kama kuku hana hadithi ya kuuza. Mwana wa mfalme anauzika. Na huyo Bwana wako, kwa nini anataka mtoto aliyenyonyeshwa na chatu, asitake mtoto tu?"

Fundi hakujibu. Mbuzi walikuwa wameingia kwenye mahindi na hakuna aliyewafukuza.

Mwishoni mwa 1872 Stanley alivuka bahari hadi New York, na Kalulu akaenda naye. Desemba alihutubia ukumbi wa Steinway, lakini watu hawakujaa na mihadhara ikafa mapema. Sasa hebu fikiri, Mwalimu alisema, New York ya mwaka ule ulikuwa mji gani. Ulikuwa mji wa P. T. Barnum. Mwaka mmoja tu nyuma, 1871, Barnum alikuwa amezindua sarakasi yake kubwa ya kusafiri, na mwaka huo wa 1872 akaipakia kwenye treni.

Hapa Mwalimu alikolea, na mimi ninayewasimulia nitamwacha akolee, kwa sababu ndipo penye mzizi wa jambo lenyewe.

Sarakasi za Marekani za karne ile hazikufika mahali kabla ya karatasi zao. Wiki kadhaa kabla ya hema kusimama, kundi la wabandikaji liliingia mjini na ndoo za gundi na brashi ndefu, likabandika kila ukuta, kila uzio, kila banda la mkulima. Mkulima alilipwa kwa tiketi za bure. Simba mwenye ukubwa wa nyumba, dada mwenye ndevu, mtu mwembamba kama ufito: wote walikuwa wameshaishi ukutani muda mrefu kabla yeyote hajawaona. Na siku ya siku, pembeni ya hema kubwa lilisimama hema dogo la maajabu ya watu, na mbele yake yakatundikwa maturubai yaliyochorwa, moja kwa kila mtu aliyeko ndani. Mpiga debe alisimama juu ya sanduku akiita. Ndani, kijitabu cha maisha ya ajabu ya huyo mtu kiliuzwa kwa senti chache. Maisha hayo mara nyingi yalikuwa yametungwa na mwenye hema.

"Kulikuwa na mama mmoja mtumwa, Joice Heth," Mwalimu aliendelea. "Kipofu, mzee, hawezi kutembea. Mwaka 1835 Barnum alimtembeza kwa matangazo kwamba ana miaka 161 na kwamba alimlea George Washington. Alipofariki mwaka uliofuata, Barnum aliuza tiketi watu waje kutazama maiti yake ikipasuliwa. Daktari akasema hakuzidi miaka 80. Barnum alikuwa ameshapata fedha mara mbili: ya uongo, na ya kuufichua."

Fundi aliweka simu chini.

"Na kulikuwa na William Henry Johnson, mzaliwa wa New Jersey, palepale Marekani. Mwaka 1860 akavalishwa manyoya, akatangazwa kuwa ni kiumbe cha kati ya mtu na nyani, kilichokamatwa Afrika kando ya mto Gambia. Alikatazwa kuzungumza mbele ya watu. Unajua kwa nini? Angefungua kinywa wangesikia Kiingereza cha New Jersey. Bango lilishasema, basi yeye anyamaze ili bango lisiumbuke."

Nakubaliana na Mwalimu kwa moyo wote hapa. Uongo wa matangazo yale haukuwa kutia chumvi tu. Kutia chumvi hata wapagazi wetu walifanya: kirangozi wa msafara wa Kinyamwezi alitangulia mbele na manyoya kichwani, na baragumu na ngoma zikalia kabla ya kuingia kijijini, ili wenyeji wajue wanaokuja ni watu wa maana. Lakini kirangozi alijitangaza mwenyewe, kwa kichwa chake na pumzi yake. Kule Marekani mtu alitangazwa na mwingine, kisha akaingizwa ndani ya tangazo na kufungiwa humo.

"Kalulu je? Alibaki huko?"

Hapana. Alipelekwa shule Wandsworth, London, miezi kama 18. Tarehe 18 Aprili 1874 alikuwa Westminster Abbey siku Livingstone anazikwa. Mwaka huohuo Stanley akarudi Afrika kwa safari ya pili, na Kalulu ndani yake. Wakazunguka ziwa Victoria, wakashuka hadi ziwa Tanganyika. Mwaka 1876 wakafika Ujiji, Stanley akijiandaa kuvuka kwenda Manyema na kuufuata mto ambao watu wa msafara waliuogopa. Watu wakaanza kutoroka mmojammoja.

"Na usiku mmoja," Mwalimu akasema, "yule mtoto wa kwenye kadi, mwenye sanamu ya nta London, aliyevikwa riwaya nzima mgongoni, aliangalia ziwa upande huu na upande ule. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna bango lililowahi kumwandikia."

Simu ya Fundi ililia juu ya mahindi. Alikuwa dada yake, wa tumbo moja, aliyeolewa kijijini upande wa Bukene. Alikuwa analia kiasi kwamba maneno hayakushikika.

"Mwanangu hajarudi kutoka shule tangu jana. Wenzake wanasema amepanda gari lenye spika nne."

SEHEMU YA TATU

Waliondoka na Mwalimu alfajiri, kwenye bajaji ya jirani hadi njia panda, kisha bodaboda mbili. Walipopita stendi Fundi aliomba wasimame kidogo. Kufuli la kibanda lilikuwa limevunjwa. Turubai halikuwepo. Mezani iliachwa nusu ya pili ya malipo, imekandamizwa kwa kopo la rangi.

Kabla hajapanda pikipiki alipiga 116, namba ya bure ya kuwasaidia watoto. Alieleza gari, turubai, mnada wanaoelekea. Sauti ya upande wa pili ikamwambia watawasiliana na afisa ustawi wa jamii wa wilaya, na kwamba asiende peke yake. Fundi akamtazama Mwalimu, mzee wa mkongojo, akasema hayuko peke yake.

Njiani, kwenye mapumziko ya kupoza injini, alimwuliza.

"Kalulu alitoroka?"

"Alitoroka. Stanley akatuma watu wamtafute, wakampata, wakamrudisha. Machi 1877, kwenye mto Kongo, mtumbwi aliokuwemo ulichukuliwa na maji ukaporomoka kwenye maporomoko pamoja na wenzake. Stanley akayapa maporomoko yale jina la Kalulu." Mwalimu alifunga vizuri kamba ya kofia. "Twende."

Dada yake hakuwa nyumbani. Alikuwa ameshatangulia mnadani. Waliyemkuta ni baba mkwe wake, ambaye kila mtu huko anamwita Guku, ameketi mlangoni kwake kwenye kigoda. Guku ni myeye, na baba yake alikuwa myeye. Kwa asiyejua: Buyeye ni chama cha watu wa nyoka, cha Wanyamwezi na Wasukuma, chenye dawa zake, chanjo zake, nyimbo zake na siri zake. Mtu haingii kwa kutaka tu. Anafundishwa, anachanjwa, anaapishwa. Bayeye hucheza na nyoka mbele za watu, na hao hao ndio wanaokimbiliwa mtu akiumwa na nyoka shambani. Wageni wamekiandika chama hiki tangu zamani. Mmarekani Carnochan, aliyekuja Tanganyika mwaka 1926 na msafara uliolipiwa na Chrysler, tajiri wa magari, kukusanya wanyama wa bustani ya Washington, baadaye alitoa kitabu kizima kuhusu watu wa nyoka wa Unyamwezi.

"Mwangaluka, Guku."

"Mwangaluka." Mzee hakuinuka. "Huyo Bwana wenu alikuja hapa juzi. Alitaka nimuuzie chatu. Nikamwambia nyoka wa Buyeye hauzwi, na ngoma yetu si ya kufungiwa hemani. Akaniuliza kama nina mtoto mdogo wa kumwazima. Kumwazima! Nikamfukuza kwa fimbo hii. Mjukuu wangu alikuwa amejibanza nyuma ya ghala anasikiliza."

"Kwa hiyo akamfuata? Kwa nini, Guku?"

"Ana miaka 12. Nimemfundisha majina ya nyoka, basi. Chanjo bado, kiapo bado. Lakini ana kichwa kigumu cha babu yake." Akanyamaza. Mkono wake ulikuwa unatetemeka juu ya fimbo. "Sikilizeni. Jana usiku niliingia ndani kuangalia vyombo vyangu. Kisanduku kidogo hakipo."

"Cha chatu?"

"Chatu gani aingie kwenye kisanduku kidogo? Mle mna swila. Nimemkamata wiki hii shambani kwa mtu, mkali, hajatulizwa, hajui mkono wa binadamu. Mtoto anadhani ni yule wa zamani, yule mpole tunayecheza naye. Yule wa zamani alikufa. Sikumwambia, kwa sababu alimpenda."

Walikimbia.

Mnada ulikuwa umejaa: ng'ombe, mitumba, mihogo ya kukaanga, moshi. Juu ya vichwa vya watu Fundi aliliona turubai lake kutoka mbali, limevutwa kwa kamba kati ya miti miwili, chatu wake akimeta juani. Pale alipoacha patupu mtu mwingine alikuwa amepajaza. Mkono wa haraka, rangi za hovyo. Lakini haikuwa sura ya mpwa wake. Alikuwa mtoto wa kike, miaka sita hivi, macho makubwa.

Mpiga debe alikuwa juu ya kreti na kipaza sauti. Foleni ilikuwa imeshazunguka hema. Dada yake alikuwa mbele, anabishana na kijana wa kukata tiketi, ambaye alikuwa anamwambia alipe kiingilio kama wengine. Mwalimu akajitosa kati yao. Hakuna aliyevaa beji ya halmashauri popote. Fundi akazunguka nyuma, akapita kati ya magunia na jenereta, akapiga magoti, akainua pindo la hema.

Ndani kulikuwa na giza na harufu ya mafuta ya taa. Kwenye jukwaa la mbao, nyuma ya pazia, alikaa mpwa wake, kifua wazi, amepakwa unga mweupe, amefunga kamba kiunoni. Hakulia. Alipomwona alitikisa kichwa kwa nguvu.

"Mama Mdogo, usinitoe."

"Simama twende. Mama yako yuko nje."

"Nikitoka mimi, wanamwingiza yeye."

Alionyesha kwa kidevu. Pembeni, juu ya mkeka, alikaa msichana mdogo mwenye macho makubwa, amevishwa kaniki na shanga, anamtazama Fundi bila kupepesa. Fundi hakumjua. Hakuwa mtoto wa vijiji vile.

"Nilimwona kwenye gari juzi," mpwa alinong'ona. "Nikamwambia Bwana mimi ni mjukuu wa myeye, nitacheza na nyoka wa kweli, amwache huyu. Akakubali. Nimeleta yule wa Guku, yule mpole."

"Kisanduku kiko wapi?"

"Hicho hapo, karibu naye. Nilimwambia asikiguse."

Nje mpiga debe alianza kuhesabu kwa sauti, na umati ukamfuata: tano, nne. Fundi akageuza macho taratibu kuelekea mkekani. Kisanduku kidogo cha mbao kilikuwa kando ya goti la msichana.

Kifuniko kilikuwa wazi, na ndani hamkuwa na kitu.

Tatu, umati uliimba. Mkono wa Bwana ukashika kamba ya pazia.

Itaendelea wiki ijayo